Pesa Yako Inavuka Mtandao. Mbona Faili Yako ya Hospitali Haivuki?

Siku hizi unaweza kumlipa daktari kabla hujamwona. Unafungua apu, unachagua kama shida ni ya ngozi, ya tumbo au ya mtoto, unaweka PIN, ujumbe wa kuthibitisha malipo unaingia, na baada ya muda simu inaita. Daktari yuko Nairobi, wewe uko Kitui au Lamu. Mnaongea, anakuandikia dawa, jina la dawa linakuja kwa ujumbe, unaenda nalo kwa kemisti. Kwa mtu ambaye angepanda matatu mbili na kupoteza kibarua cha siku nzima ili aambiwe anywe maji mengi, hiyo ni nafuu kubwa. Mimi sina ugomvi nayo.

Lakini hebu jiulize: yale mliyozungumza na daktari yameenda wapi?

Malipo yenyewe tunajua yalipo. Kuna nambari ya muamala, jina la uliyemlipa, kiasi, tarehe, saa na dakika. Ukitaka taarifa ya malipo yako ya miezi iliyopita, unaiomba na unaipata. Ila maneno ya daktari, alichoshuku, alichokukataza, dawa aliyokupa na sababu ya kukupa, yamebaki kwenye kompyuta za kampuni moja yenye apu moja. Muuguzi wa zahanati ya kwenu hayaoni. Hospitali ya kaunti utakayokimbizwa usiku hali ikigeuka haiyaoni. Na mwezi ujao ukitumia apu nyingine kwa sababu ina ofa, daktari wa huko ataanza na wewe kama mtu aliyezaliwa jana.

Maoni yangu, na nayasema kama mtu anayefanya kazi upande wa malipo: matibabu kwa simu ambayo hayaachi maandishi mahali mhudumu wako wa kesho anaweza kuyasoma ni kazi nusu. Hatufai kuyalipia kana kwamba ni kazi kamili.

Chukua mfano wa mzee mwenye ugonjwa wa sukari. Kliniki ya hospitali ya kaunti inampa metformin. Siku moja anahisi vibaya, mjukuu anamsaidia kupiga simu kwa daktari wa apu. Daktari anauliza, "Mzee, unatumia dawa gani?" Mzee anasema, "Zile nyeupe, za asubuhi na jioni." Daktari hana pa kuangalia. Anamwandikia Glucophage. Sasa Glucophage ni metformin hiyo hiyo, imevaa jina la kampuni. Mzee anaziona ni dawa mbili tofauti, pakiti tofauti, bei tofauti, na anazimeza zote kwa uaminifu. Tumbo linaharibika, na kama figo zake zimeanza kuchoka, hatari inapanda. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Daktari aliuliza, mzee alijibu. Kilichokosekana ni mahali pa kusoma.

Utaniambia mgonjwa mwenyewe ajifunze kueleza. Sawa, ajifunze. Lakini kuna mambo ambayo mtu hasemi kwa simu. Mwenye kumeza ARV hataitaja akiwa amekaa sebuleni na wifi yake anasikiliza. Msichana anayetumia tembe za kupanga uzazi hatasema mbele ya mamake. Na mambo hayo ndiyo hasa daktari anahitaji kujua: rifampicin, ambayo ni dawa ya kawaida ya kifua kikuu, hupunguza nguvu za tembe za kupanga uzazi na hata za kipandikizi cha mkononi, na hugongana na baadhi ya ARV kiasi kwamba dozi lazima ibadilishwe. Daktari akiona rekodi, hahitaji kumlazimisha mtu aseme kwa sauti.

Tusidanganyane pia kwamba haya ni mambo mapya yaliyotushukia na simu za kisasa. Miaka ya 1960 hospitali za misheni katika sehemu za mbali za nchi hii zilikuwa zikizungumza na madaktari wa Nairobi kwa redio, kupitia mtandao wa madaktari wanaoruka kwa ndege ulioanzishwa mwaka wa 1957, ambao leo tunaujua kama Amref. Na upande wa rekodi, mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka habari za wagonjwa kwenye kompyuta, wakati ambapo hospitali nyingi kubwa zilikuwa bado na mafaili ya karatasi yaliyoliwa na panya. Kazi ile ilikua ikahamia kwenye kliniki za HIV za Eldoret, na kutoka humo, mwaka wa 2004, ikazaliwa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo sasa inatumiwa katika nchi nyingi duniani. KenyaEMR inayotumika katika vituo vyetu imejengwa juu yake. Kwa hivyo ujuzi tunao. Tumeutoa hapa hapa, tukauazima ulimwengu.

Kuna utafiti mmoja wa Kenya ambao ningependa kila mwenye kampuni ya matibabu kwa simu ausome kabla ya kununua tangazo lingine. Kati ya 2007 na 2008, kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, zilijaribu jambo dogo sana. Wagonjwa 538 walioanza ARV waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili, kila wiki lilitumiwa ujumbe mfupi wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika saa 48. Hali ikiwa nzuri, "Sawa". Ikiwa mbaya, "Shida". Basi. Hakuna apu, hakuna video, hakuna bando. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la The Lancet: waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 waliripoti kumeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wale wengine. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 yao, dhidi ya 48.

Watu wengi wakisimulia habari hii wanasifu SMS. Mimi nasifu kilichofuata baada ya neno "Shida". Aliyekujibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki yake mwenyewe, mahali ambapo faili yake ilikuwa. Mhudumu alijua ni nani, alianza dawa lini, alilalamika nini mara ya mwisho. Simu ilikuwa mkono mmoja wa kliniki. Kampuni nyingi za leo zimechukua simu zikaacha kliniki.

Na serikali je, si ina mifumo? Inayo. Tangu 2011 vituo vya afya nchini hutuma ripoti zao kwa mfumo wa kitaifa uliojengwa kwa DHIS2, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuusambaza nchi nzima kupitia intaneti. Ni mfumo mzuri kwa kazi yake. Kazi yake ni kuhesabu: watoto wangapi wa Kwale walichanjwa mwezi huu, akina mama wangapi wa Busia walijifungulia hospitalini. Unahesabu watu, lakini hauwajui. Wewe uko ndani yake kama moja katika jumla. Daktari wa simu hawezi kukutafuta humo, na hata angeweza, hungekuwemo.

Sasa turudi kwenye jambo ambalo wewe na mimi tunalijua vizuri, pesa. Pesa kwa simu zilianza Kenya mwaka wa 2007, na kwa miaka zaidi ya kumi kila mtandao ulikuwa kisiwa. Ulikuwa ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, anapata ujumbe wenye nambari ya siri, anaanza kutafuta ajenti wa mtandao wako akatoe. Pesa haikuingia kwenye simu yake. Mwaka wa 2018 mitandao iliunganishwa, ukatuma kutoka huku ikaingia kule moja kwa moja. Mwaka wa 2022 hata nambari za till zikaanza kupokea kutoka mitandao mingine. Kampuni ziliendelea kushindana kama kawaida, hakuna iliyofungwa kwa sababu hiyo. Zilikubaliana tu jinsi ya kutambuana na lugha ya kupelekeana ujumbe.

Kuunganisha matibabu kwa simu na mifumo ya habari za afya ni kazi ya aina hiyo hiyo, ila ngumu zaidi. Kwanza lazima mifumo yote ikubaliane wewe ni nani. Pili, kituo ni kipi. Hapo tumeanza vizuri, kwa sababu Wizara ya Afya ina orodha kuu ya vituo, na kila zahanati na hospitali iliyosajiliwa ina nambari yake humo, kama vile duka lina nambari ya till. Tatu, mhudumu ni nani na ana leseni. Nne, maneno: presha iandikwe kwa njia moja, na metformin iitwe metformin hata pakiti ikisema Glucophage. Kuna viwango vya kimataifa vya kupelekeana habari za namna hii, kimoja kinaitwa FHIR, na ni bure kutumia. Hakuna anayehitaji kuvumbua.

Wengine wanaogopa kwamba kuunganisha maana yake ni kurundika kila kitu kwenye kompyuta moja kubwa ya serikali, halafu siku ikizima nchi nzima iambiwe "sistimu iko chini, ngojeni". Hofu hiyo ina msingi. Aliyekaa kwenye foleni ya hospitali anajua hayo maneno. Lakini mitandao ya pesa haikurundikwa mahali pamoja. Kila mmoja una vitabu vyake, na unapitisha kinachohitajika tu. Daktari wa apu hahitaji historia yako yote tangu utotoni. Anahitaji dawa unazotumia, magonjwa ya kudumu, dawa zinazokudhuru, na kama wewe ni mjamzito. Na akimaliza, aache muhtasari: niliona hivi, nimempa hivi, akizidiwa mfanyieni hivi. Ukurasa mmoja.

Kwa kweli mfumo uliounganishwa bora zaidi tulio nao Kenya, kwa maoni yangu, ni kile kijitabu cha mama na mtoto. Mama anakipata kliniki, anakitia kwenye mkoba, anakwenda nacho popote. Muuguzi wa Mandera anaandika presha, muuguzi wa Mombasa anaisoma. Chanjo za mtoto zote zimo. Kinafanya kazi stima ikipotea. Na mwenye rekodi ni mama; akitaka kukionyesha anakionyesha, akitaka kukificha anakificha. Kasoro yake ni kwamba daktari wa simu hawezi kukifungua. Mama mwenye mimba ya miezi saba akipiga simu kwa apu saa nne usiku kusema kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli, daktari anahitaji kujua presha yake ya kliniki zilizopita ilikuwa ngapi, na mama mwenyewe huenda hajui kusoma zile nambari. Hapo si mahali pa kubahatisha. Dalili hizo zinaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja, na jibu la haki ni "nenda hospitali sasa hivi", na hospitali inayompokea iwe imeshapata ujumbe kabla hajafika.

Sheria haikosekani. Sheria ya Afya ya 2017 ilitambua huduma za afya kwa njia ya kidijitali kuwa njia halali ya matibabu. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2023, ikaunda shirika la kusimamia mambo haya na kuagiza kuwe na mfumo jumuishi wa habari za afya. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa simu mwaka huo huo ili waingize habari za nyumba wanazotembelea. Kinachobaki ni nguvu ya kusema hapana. Ningependa kuona sharti moja lenye meno: kampuni ya matibabu kwa simu isiyoweza kupokea na kuacha muhtasari wa mgonjwa, kwa idhini yake, isipewe leseni au isihuishiwe. Mitandao ya pesa haikuunganishwa kwa mapenzi tu. Wasimamizi walisukuma.

Hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa malipo huenda wasilipende. Kuna kishawishi kikubwa cha kutumia nambari ya simu kama nambari ya mgonjwa. Kila mtu anayo, tayari imesajiliwa, malipo yanapitia hapo hapo. Tafadhali, tusifanye hivyo. Sisi tunaoshughulika na laini kila siku ndio tunaojua zilivyo. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa huuzwa kwa mtu mwingine. Nyumba nzima inaweza kutumia simu moja. Mtoto hana simu, husajiliwa kwa ya baba, halafu baba na mama wakiachana historia ya mtoto inaondoka na laini. Pesa ikienda kwa nambari isiyo yake, unapiga simu ya huduma kwa wateja na kuna njia ya kuomba irudishwe. Majibu ya kipimo cha HIV yakiingia kwenye simu isiyo yake, yamekwenda. Hakuna kurudisha. Nambari ya simu iwe ya kukupigia tu. Utambulisho wako wa matibabu uwe kitu chako mwenyewe, hata ukibadilisha laini mara kumi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kampuni ya malipo haifai kushika faili yako ya hospitali. Sisi tupitishe pesa. Tayari tunajua kwamba ulilipa kliniki fulani siku fulani, na hata hilo peke yake linaweza kusema mengi kama kliniki ile ni ya ugonjwa mmoja tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya katika kundi la habari nyeti, na inakupa haki ya kuona kilichoandikwa juu yako na kutaka kirekebishwe kikiwa si sahihi. Hiyo inamhusu kila anayekutibu kwa apu, na inatuhusu sisi pia.

Jambo lingine linalonisumbua ni pesa zenyewe. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Aliyejisajili anatakiwa kuhudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Kwa hivyo ukilipia apu kutoka mfukoni kwa jambo ambalo zahanati ingelimaliza, umelipa mara mbili. Mtandao mzuri wa matibabu kwa simu ungeanzia hapo hapo zahanati: muuguzi akupime presha, akupime sukari, asikilize kifua, halafu kama limemshinda ampigie daktari bingwa wa hospitali ya kaunti mkiwa wote watatu mmekaa. Daktari anaona vipimo, muuguzi anaandika uamuzi, na wewe unarudi nyumbani ukijua wiki ijayo utamwona mtu yule yule. Daktari wa simu asiye na mtu wa kukupima upande wako mara nyingi anakisia, hata awe hodari namna gani. Najua zahanati nyingi hazina intaneti ya kutegemewa, na nyingine muuguzi ni mmoja na foleni inafika barabarani. Hiyo ni sababu ya kupeleka nguvu huko kwanza kabla ya kuzipeleka kwenye tangazo la apu ya kumi na moja.

Mpaka haya yatengenezwe, wewe unaendelea kulipa, kwa hivyo lipa ukiwa macho. Kabla ya kuweka PIN, uliza: nikimaliza kuongea na daktari, nitapata maandishi ya yale mliyoamua? Risiti haitoshi. Unataka muhtasari wenye jina la daktari, nambari yake ya usajili, ugonjwa anaoushuku na jina halisi la dawa, sio la kampuni tu. Wakikwambia hawatoi, hiyo pesa ina kazi nyingine nyumbani. Jina la daktari unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya Baraza la Madaktari, KMPDC, uone kama leseni yake ni hai. Muhtasari ukiupata, uhifadhi, na siku ya kliniki umwonyeshe muuguzi aunakili kwenye kadi au kwenye kijitabu chako. Ni njia ya kizamani, lakini leo ndiyo inayofanya kazi. Mpeleke pia mzee na pakiti zake zote za dawa, hata zile tupu, aziweke mezani.

Uliza tena habari zako watampa nani. Kama jibu ni "washirika wetu" bila majina, endelea kuuliza.

Na angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Kliniki yenye leseni inalipwa kwa jina la kliniki. Ukiona jina la mtu binafsi usiyemjua, simamisha hapo. Hakuna daktari wala mhudumu wa wateja anayehitaji PIN yako au nambari ya siri iliyotumwa kwa ujumbe ili "afungue faili yako". Anayekuomba hiyo anafungua akaunti yako ya pesa. Kata simu, kisha utupigie.